Mwanamke wa Chini ya Ngazi

Ndiyo, bibi huyu mnayemkuta akichambua mchicha barazani pale Usa River alikuwa opareta wa sinema. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilisimama nyuma ya mashine mbili nzito kama ng'ombe, nikiwaonyesha picha watu wa Arusha. Sisi tulisema picha. Ninyi mnasema muvi, haidhuru. Naishipai, mwenzenu wa chuo pale Makumira, aliposikia habari hii alicheka kwanza, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Bibi, tuandikie. Sisi tunataka kutengeneza picha, na hatujui hata zilikuwa zinaonyeshwaje."

Haya, nawaandikia. Msitegemee nianze mwanzo na kumaliza mwisho kama mwalimu wa historia. Miguu yangu yenyewe siku hizi haiendi moja kwa moja, sembuse kumbukumbu. Lakini kuna picha moja ambayo nimeibeba tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na hiyo nitaisimulia yote.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Picha ilikuja katika makopo ya bati, kila kopo na rili yake, kila rili kama dakika ishirini hivi. Picha nzima rili tano au sita. Unaweka rili ya kwanza kwenye mashine ya kushoto, ya pili kwenye mashine ya kulia, halafu unakodoa macho. Ikikaribia kuisha, nukta ndogo inatokea kwenye kona ya juu ya pazia, upande wa kulia. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Nukta ya pili ikitokea, unafunga mwanga huku na kufungua kule. Ukifanya vizuri, hakuna mtu ukumbini anayejua kwamba upo. Ukikosea, watu mia tatu wanajua jina la mama yako.

Mwanga haukutoka kwenye balbu. Ulitoka kwenye vijiti viwili vya makaa vilivyokaribiana ndani ya sanduku la chuma, umeme ukiruka kati yao, na nyuma yake kioo cha kuusukuma mbele. Vijiti vinaungua polepole kama udi, kwa hiyo kila baada ya muda unazungusha kishikio ili kuvisogeza. Vikiachana sana, mwanga unakuwa wa manjano, na picha inachoka. Kumbukeni hilo la makaa, maana ndilo lililonifungua macho.

Aliyenifundisha ni Fundi Pritam. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa hapa hapa Arusha, mwenye kilemba cha rangi ya udongo na ndevu zilizonukia mafuta ya mashine. Mimi nilikuwa mfagiaji wa ukumbi. Siku moja rili ilikatika, vidole vyake vilikuwa na uvimbe, akashindwa kuiunga. Mama yangu alikuwa fundi cherehani kule Nkoaranga, nami nilizoea kushika vitu vyembamba. Nikasema, "Fundi, naomba nijaribu." Akanitazama kama mtu anayeombwa na mbuzi kuendesha lori. Nikakwangua ncha, nikapaka gundi, nikabana, nikapuliza. Akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikuachia.

"Elinami," akasema, "ufagio mpe mtu mwingine."

Nilifanya makosa yote ambayo mtu anaweza kufanya. Nilionyesha picha kichwa chini miguu juu. Nilisinzia, mapambano ya askari na majambazi yakaishia kwenye pazia jeupe. Fundi Pritam hakupiga kelele. Alikuwa na adhabu moja tu: alikaa kimya mpaka wewe mwenyewe uanze kujitukana.

Sasa picha yenyewe.

Watu wetu walipenda picha za ngumi na za Kihindi. Walitaka steringi asiyekufa, nyimbo na gari linaloanguka korongoni. Wiki ile tulikuwa tumebandika tangazo la picha ya Kihindi iliyokuwa ikingojwa na mji mzima, na basi lililoleta mizigo likashusha makopo mengine kabisa. Makopo matano yenye kutu. Karatasi ya jina ilikuwa imechanika, na rili ya kwanza ilikuwa imepoteza mwanzo wake zamani, kwa hiyo picha ilianza ghafla, bila jina wala majina ya watu: gari la farasi linapita ndani ya ukungu.

"Rangi nyeusi na nyeupe," Fundi Pritam akasema akiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha. "Watatuua."

Tukaionyesha Ijumaa saa tisa mchana. Hadithi ilikuwa hivi. Kuna jumba la mawe kando ya ziwa, limezungukwa na ukungu. Msichana maskini anaajiriwa kumsomea vitabu mzee tajiri, mgonjwa, aliyelala nyuma ya pazia la kitanda. Mzee haonekani uso, mkono wake tu. Kila alasiri msichana anapanda ngazi ndefu, anabisha, anaingia. Na kila akiingia, ile sauti nyuma ya pazia inasema, kwa Kiingereza chepesi tulichoelewa wote, "Leo mmekuja wawili."

Msichana anageuka. Hakuna mtu.

Basi. Hakuna zimwi lenye meno wala damu. Mlango uliofungwa unakutwa umefunguka kidogo. Kiti kinakuwa na joto wakati hakuna aliyekikalia. Mtumishi wa jikoni anaandaa vikombe viwili, anashtuka, anarudisha kimoja kabatini. Ukumbini watu walianza kupiga miluzi. "Mzimu uko wapi? Tuonyesheni mzimu!" Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba kwa mama mkwe wake kunatisha zaidi. Nusu wakaondoka.

Mimi nilikuwa kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, nywele zimenisimama. Nimekulia mlimani. Niliwahi kupita Momela asubuhi na baba yangu, tukienda kumwona shangazi, ukungu ukatushukia ghafla karibu na maziwa. Tulisikia nyati akipumua. Hatukumwona. Hatukujua kama yuko hatua kumi au tatu. Baba akanishika bega tukasimama, na mpaka leo sijawahi kuogopa simba yeyote wa kwenye picha kama nilivyoogopa pumzi ile. Aliyetengeneza picha hii aliijua pumzi ile. Sijui alikuwa mtu wa wapi, lakini aliijua.

Jumamosi nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Kwa ile hamu yangu ya kuiangalia, sikuangalia namba. Baada ya rili ya pili nikaweka ya nne, halafu ndiyo ya tatu. Sasa katika rili ya nne yule mzee anafariki, anazikwa, udongo unapigwa koleo. Kisha rili ya tatu ikaanza: msichana anapanda ngazi, anabisha, anaingia, na yule aliyezikwa dakika chache zilizopita anasema kwa upole, "Leo mmekuja wawili."

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alipiga yowe, "Amefufuka!" Viti vikaanguka, karanga zikamwagika, watu wakakanyagana mlangoni huku wakicheka na kulia kwa pamoja. Nje wakasimama barabarani wakisimuliana. Jumapili ukumbi ukajaa pomoni.

Mhindi mwenye sinema alipanda ngazi zetu mwenyewe kutupongeza. "Onyesheni hivyo hivyo," alisema. "Rili ya nne kabla ya tatu."

Fundi Pritam alikuwa anafuta lenzi. Hakugeuka. "Hapana, bwana."

"Watu wanafurahi, Pritam!"

"Aliyeitengeneza alikaa akafikiri mpangilio wake. Mimi ni opareta. Sipiki, napakua."

Tukaionyesha sawasawa. Watu walipoona mzee hafufuki walikasirika, wakarusha maganda ya ndizi kwenye pazia, na kuanzia hapo picha ikafa mjini. Jumatatu saa tisa kulikuwa na watu sita, wawili wao wamelala.

Lakini Jumatatu ile asubuhi, kwa kuwa nilikuwa na aibu ya kosa langu, niliamua kusafisha mashine zote mbili. Nilifuta kile kioo cha nyuma ya makaa, ambacho cheche zilikuwa zimekichafua miezi mingi. Nilipiga mswaki mlango wa filamu, pale filamu inapopita mbele ya mwanga. Nikaweka vijiti vipya, nikavipanga mpaka mwanga ukawa mweupe kama maziwa ya asubuhi. Na picha ilipofika katikati ya rili ya tatu, nikaona.

Kuna sehemu ambapo msichana anakuta barua ndani ya kitabu cha mzee. Anashuka nayo, anaketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, anaweka taa kando yake, anaanza kusoma kwa sauti. Kamera haisogei. Hakuna muziki. Sehemu hiyo ni ndefu, yai lingeweza kuiva. Maneno yenyewe hatukuweza kuyasikia, maana filamu ilikuwa imechakaa pale na sauti yake ilikuwa kama mvua juu ya bati. Siku tatu nilikuwa nimeangalia sehemu ile nikidhani upande wa kulia wa picha ni giza tupu.

Halikuwa tupu. Chini ya ngazi, ndani ya giza, alikuwa amesimama mwanamke.

Hakutokea. Alikuwepo tangu sehemu ile inaanza. Gauni jeusi ndani ya kivuli cheusi, mkono mmoja kwenye mhimili, na uso mweupe kidogo tu kuliko giza, kama unavyoona kilele cha Meru kabla ya alfajiri: huna hakika, lakini ukitazama pembeni unajua kipo. Anamtazama msichana. Na msichana anasoma, hajui.

Nilishika ukuta. Nusura nisahau nukta.

Watu walipotoka nilikimbia na rili mpaka kwenye meza ya kuungia, nikaifungua, nikachukua kioo cha kukuzia. Fundi Pritam akaja nyuma yangu.

"Imekatika?"

"Haijakatika, Fundi. Angalia hapa."

Akainama. Alikaa na kile kioo kwenye jicho muda mrefu, akivuta filamu kidogo kidogo kwa kidole. Picha moja, nyingine, nyingine. Katika kila kipicha yule mwanamke alikuwepo. Mwishowe akavuta kiti akaketi.

"Miaka thelathini naonyesha picha," akasema. "Nilidhani najua kuangalia."

"Fundi, kwa nini mtu aweke kitu halafu akifiche hivi? Nani atakiona?"

"Wewe umekiona."

Niseme nini zaidi? Nimeona picha nyingi, vijana wangu. Nimeona meli zikizama na miji ikiungua. Hakuna iliyonifanya nijisikie mdogo namna ile. Kuna mtu, mbali huko, alimsimamisha mwanamke gizani na kumwambia asimame tu. Akapima taa yake ili mwanamke yule awe karibu sana na kutoonekana. Akakubali kwamba watu wengi watapita bila kumwona, na wataita picha yake mbovu. Hakuweka muziki wa kutuonyesha kwa kidole. Alituamini. Au hakutujali. Mpaka leo sijui ni lipi.

Jumanne ikaja barua kutoka kwa wenye kusambaza picha. Muda wa kibali cha ile nakala ulikuwa umekwisha, na wenyewe wakaiona imechakaa mno kurudishwa. Tuikate vipande hapo hapo, fundi atie saini kwamba imeharibiwa yote. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Tulishakata nyingine kabla, na hatukulia. Safari hii nilimwomba Fundi Pritam tuifiche. Akakataa. Nikamwomba basi kile kipande cha ngazi tu, urefu wa mkono wangu.

"Nikisaini yote, ni yote," akasema. Halafu, akiikunja barua, "Lakini barua haisemi saa ngapi."

Nilimwelewa. Nikatoka mbio mpaka sokoni. Huko nilikuwa na shangazi zangu wa Kimeru waliouza ndizi mshare na maziwa mgando, na rafiki zao. Niliwaambia waje saa nane waone picha, bure, kwa nusu siku tu wafunike biashara. Walinicheka. Mama Elia, mjane mwenye sauti ya mhubiri, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga sinema kwa kuwa kanisani walisema ni mahali pa wahuni, akaniuliza, "Elinami, kuna nini ndani yake?"

Nikashindwa kueleza. Nikasema, "Mama, kuna mtu anayeangaliwa na hajui."

Akafunga ndizi zake kwa gunia. "Hao ni wengi," akasema. "Twende."

Walikuja kumi na mmoja. Fundi Pritam, ambaye sikuwahi kumwona ameketi ukumbini, alishuka akaketi safu ya tatu katikati yao, akaniacha peke yangu na mashine zote mbili. Kila dakika nilizungusha kishikio cha makaa nywele moja, nywele moja, nikichungulia kwenye kioo cheusi cha sanduku la makaa, nikiomba umeme wa Arusha usifanye vituko vyake. Ikafika sehemu ya ngazi. Mwanga ulikuwa mweupe. Sauti ikaanza kunyesha.

Kisha nikamsikia Mama Elia, kwa sauti yake ile ya kanisani, akimwambia msichana wa kwenye pazia:

"Mwanangu! Usigeuke!"

Pumzi za watu kumi na wawili zikaingia kwa mara moja. Nilizisikia kupitia kidirisha. Walikuwa wamemwona wote, mmoja akimwonyesha mwingine kwa kumshika mkono. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyecheka. Kutoka hapo mpaka mwisho hawakutikisika. Na mwisho wa picha ile ni huu: mzee amekufa, msichana anaondoka na mkoba wake. Mlinzi anamfungulia geti, anapita. Mlinzi hafungi. Anangoja kidogo, amesogea pembeni, kama mtu anayempisha mwingine. Ndipo anafunga, na ukungu unajaa pazia lote.

Walitoka wakiwa wameshikana mikono kama wanaotoka msibani au ubatizoni. Mama Elia alisimama chini ya ngazi zetu, akanitazama juu. Hakusema asante. Alisema, "Huyo aliyetengeneza anaogopa Mungu."

Baada ya hapo tukaenda uani na shoka. Fundi Pritam alilinyanyua, akalishusha chini bila kupiga. Mara mbili. Mara ya tatu akanipa mimi. Nilianza na rili ya kwanza. Ya tatu nikaiacha mwisho, nayo nikaikata kama nyingine, vipande vya urefu wa kiganja, sikuficha hata kimoja. Yeye akatia saini, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, nami nikasikia akipenga kamasi.

Tulibishana kuhusu barua ile ya kwenye ngazi kwa miaka. Nani aliiandika? Fundi alisema ni mzee, akiungama kwamba alimuua mtu. Mimi nilisema ni mama wa msichana. Tulikuwa tunakula loshoro mchana, mahindi na maziwa, yeye na kilemba chake na kijiko chake, tukigombana juu ya karatasi ambayo hatukusikia neno lake hata moja. Alikufa bado tunabishana. Mimi niliendelea kumfanyia kazi mwenye sinema mpaka siku ukumbi ulipofungwa. Leo wanauza magodoro pale.

Na jambo moja lilinikaa kifuani. Kila mtu wa picha niliyekutana naye, nilimwuliza. Watalii waliokuja kwenye mahoteli, padri mmoja Mjerumani aliyependa sinema, mwalimu wa Kiingereza. Picha ya msichana msomaji, mzee nyuma ya pazia, geti. Hakuna aliyeijua. Padri alinijibu kwa upole kwamba labda nimechanganya picha mbili au tatu. Miaka ikapita, nikaanza kuamini kwamba nakala ile ilikuwa ya mwisho duniani na mimi ndiye niliyeikata kwa shoka. Halafu, mbaya zaidi, nikaanza kuamini kwamba yule mwanamke hakuwepo. Kwamba ilikuwa ni doa la filamu na msichana mwenye hamu.

Mwaka huu ndipo Naishipai, baada ya kunisikia nikisimulia, akaingia kwenye simu yake. Alitafuta wiki tatu. Siku moja akaja mbio barazani, hata shikamoo akaisahau. "Bibi! Geti! Kuna mlinzi anapisha mtu?"

Mchicha ulianguka wote.

Nakala nyingine ilikuwepo, ghalani nchi za mbali, wakaisafisha na kuiweka mtandaoni, na karibu hakuna aliyekuwa ameiangalia. Ninyi mlinialika kuja kuiona chuoni, katika chumba chenu cha mikutano, alasiri. Wengine mlikuwepo, lakini hamkujua kilichokuwa kikiendelea kitini kwangu, kwa hiyo acheni niwaambie.

Kwanza nilikuta madirisha wazi na jua lote la Makumira ndani. Mwenzenu Goodluck alikuwa ameongeza mwangaza wa projekta mpaka mwisho, jumba zima limekuwa la kijivu kama uji.

"Punguza mwanga, mwanangu," nikasema.

"Bibi, watu hawataona kitu."

"Punguza."

Mkatundika mashuka ya Kimaasai madirishani. Mkazima simu, angalau mlisema mmezima. Picha ikaanza, na hata kabla ya ziwa kutokea nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanga nauona. Nyuso nikizisogelea naziona. Lakini giza, ndani ya giza, sioni tena kitu. Nilikaa mbele ya picha niliyoingoja maisha yangu yote, na nusu ya picha ile ni giza.

Nyuma yangu Goodluck akanong'ona, "Aisee, hii imepoa. Hamna kinachotokea." Ikafika ngazi. Nilijua kwa sauti ya viatu vyake. Msichana akaketi, taa nikaiona kama ua la manjano, na upande wa kulia kwangu ukawa ukuta mweusi. Nikatazama pembeni, nikatazama moja kwa moja. Hakuna. Nikajiambia, basi, padri alisema kweli.

Naishipai akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Bibi. Kuna mtu."

"Wapi?"

"Chini ya ngazi. Amesimama."

Sikuwa nimemwambia ni sehemu gani. Hilo nililificha makusudi, kwenu wote, nione kama atamwona mwenyewe. Machozi yakanitoka bila kuniuliza.

"Mimi simwoni tena, mjukuu wangu," nikasema. "Niambie anafanya nini."

"Anamwangalia huyu dada." Nakala hii ilikuwa safi, na sauti pia ilikuwa safi. Kwa mara ya kwanza msichana wa kwenye ngazi alikuwa anasoma maneno, si mvua. Naishipai akaanza kunitafsiria sikioni, sentensi kwa sentensi. "'Wewe utakayekuja baada yangu kusoma katika nyumba hii… najua utakavyoogopa ngazi hizi… mimi pia sikuwa na mtu…'" Kisha akaacha. Akaegemea mbele.

"Nini?" nikamwuliza. "Naishipai, nini?"

"Midomo yake, bibi."

"Ya nani?"

"Ya huyu wa gizani. Inasogea. Wanasoma pamoja. Neno kwa neno, yeye haangalii karatasi." Akaminya mkono wangu mpaka ukauma. "Ni barua yake. Yeye ndiye aliyeiandika."

Goodluck akavuta kiti chake mbele. Nilikaa na macho yangu niliyoyafumba, nikiuona uso ule tena kupitia kinywa cha mtoto wa watu. Nilikuwa nimemtazama kwa kioo cha kukuzia, kipicha kimoja kimoja, na kipicha kimoja kimoja midomo haisogei; na kutoka kidirishani palikuwa mbali mno kuiona midomo. Maisha yangu yote nilimhesabu kuwa mwindaji aliyejificha.

"Kwa hiyo anamvizia," nikasema, kwa kuwa ndivyo nilivyojua.

"Hapana, bibi," Naishipai akasema polepole, hajaondoa macho kwenye pazia. "Anamsindikiza."